William Morris: Mtu Aliyekosa Kiti cha Kununua

Wasomaji wangu, mwaka jana binti yangu alipata kazi ya uuguzi huko Nyamira, nami nikamsindikiza kutoka Mombasa kwenda kumtengenezea nyumba. Sisi watu wa pwani tumezoea joto na chumvi. Kule tulipokelewa na baridi, vilima vya kijani, migomba, majani ya chai, na mvua ya alasiri ambayo haipigi hodi. Nyumba aliyoipanga ilikuwa ya vyumba viwili, na ndani hamkuwa na hata kigoda.

Binti yangu alitaka makochi mapya kwa mkopo. Mimi nilitaka tutafute viti vya zamani vyenye mbao madhubuti, kisha tuvivike kitambaa upya. Tulibishana siku mbili. Katika ubishi ule nikamkumbuka marehemu mmoja niliyemsoma tangu ujana wangu, kwa sababu alikuwa mtunzi wa mashairi, na baadaye nikagundua kuwa alivijua viti na vitambaa kuliko mashairi yenyewe. Huyo ni Bwana William Morris wa Uingereza, aliyefariki mwaka 1896. Leo napenda kuwasimulia maisha yake, maana shida iliyomtesa yeye ndiyo hiyo hiyo tuliyoikuta mimi na binti yangu kando ya barabara ya Kisii.

Lakini kwanza ni haki yenu kujua kwa nini mimi nayaogopa makochi mapya. Marehemu baba yangu aliacha kiti cha msaji chenye kikalio cha kusuka, alichokuwa akikalia kila alfajiri baada ya sala akisoma juzuu yake. Nilipoanza kupata mshahara nilikiona kiti kile ni cha kishamba. Nikampa mwenye mkokoteni, nikanunua seti ya makochi yanayong'aa. Haikutimia miaka miwili. Usiku wa hitima ya baba huyo huyo, mzee mmoja wa ukoo wetu aliketi, na kochi likampokea mpaka chini. Tulipolipasua tulikuta ndani mbao za masanduku ya mizigo na maboksi ya karatasi. Kiti cha baba nilikitafuta mji mzima, nisikione tena. Aibu ile ningali nayo.

KIJANA WA MALI

William Morris alizaliwa tarehe 24 Machi 1834 huko Walthamstow, karibu na London. Baba yake alikuwa dalali wa hati za fedha, na alikuwa na hisa katika mgodi wa shaba wa Devon Great Consols ulioitajirisha familia. Mzee huyo alifariki mwaka 1847, mtoto akiwa na miaka 13. Mali ilibaki, na William alipotimiza miaka 21 alikuwa akipata pato la pauni kama 900 kwa mwaka bila kuinua mkono. Wakati ule hayo yalikuwa mapato ya bwana mkubwa.

Mwaka 1853 aliingia chuo cha Exeter huko Oxford, akikusudia kuwa kasisi. Hapo akapata rafiki wa maisha, Edward Burne-Jones. Walisafiri Ufaransa mwaka 1855, wakayaona makanisa makubwa ya kale, na mawe yale yaliyochongwa kwa mikono ya mafundi wasiojulikana majina yakawageuza nia. Burne-Jones akaamua kuwa mchoraji, na Morris akaamua kusomea ujenzi. Kwa mchora ramani wa majumba, Bwana Street, akakutana na Philip Webb, aliyekuja kuwa mkono wake wa kulia.

Mwishoni mwa mwaka 1856 Morris na Burne-Jones walipanga vyumba mahali paitwapo Red Lion Square, London. Vyumba vilikuwa vitupu. Walizunguka madukani kutafuta viti na meza, na Morris hakuona hata kimoja alichokipenda. Uingereza ya siku zile ilikuwa imejaa mashine za mvuke, na mashine zilikuwa zikitoa samani zenye nakshi nyingi juu na udhaifu mwingi chini: mbao duni iliyobandikwa ngozi ya mbao ya thamani, gundi mahali pa kiungo. Fedha alikuwa nayo, kiti cha kununua hakukiona.

Basi alichukua kalamu akachora mwenyewe, akampelekea seremala wa jirani. Ikaja meza ya mviringo nzito kama jabali, viti ambavyo mtu mmoja alipata taabu kuviinua, na kochi la mbao lenye makabati juu lililokula sehemu kubwa ya chumba. Rafiki zao walicheka sana. Lakini kochi lile lilimfuata Morris alipooa na kujenga, nalo lingalipo hadi leo katika nyumba hiyo.

KUPINDUA KITI

Hapa niwarudishe Kisii. Tulishuka kutoka Nyamira asubuhi moja tukaanza kuzunguka kwa mafundi wa kando ya barabara na kwa wauzaji wa vitu vilivyotumika. Viti hivyo huuzwa na walimu na watumishi wa serikali wanapohamishwa, au na wazee ambao watoto wao wamewaletea vipya. Mambo niliyoyafanya huko nawashauri nanyi myafanye.

Usikitazame kitambaa kwanza, maana kitambaa ni nguo, na nguo huvuliwa. Kipindue kiti kichwa chini. Tazama miguu inavyoungana na kiunzi: kama mbao moja imechongwa ulimi ukaingia katika tundu la mwenzake, hicho ni kiti, kama ni misumari na gundi tupu, ni balaa iliyopakwa rangi. Kiinue kwa pembe moja, usikilize kama kinalia. Kigonge kwa ukucha: mbao ngumu hujibu kwa sauti kavu. Ukiona vitundu vidogo na unga mpya chini yake, bungua wamo kazini, ondoka. Kisha fungua mishono ya kikalio, hasa kwenye pembe, utafute kunguni na madoa yao meusi. Kiunzi kizuri chenye kunguni kinaweza kuokolewa, lakini sponji na kitambaa chake vyote vitupwe kabla ya kuingia nyumbani mwako.

Binti yangu alisimama kando akiwa amenuna, akiona haya baba yake anavyopindua viti vya watu mbele za watu. Katika kiti cha nane au cha tisa tukakuta seti ya kochi la watu watatu na viti viwili vya mikono. Kitambaa kimechakaa hata rangi haijulikani, lakini chini yake mvule mtupu, na viungo havijatikisika. Mguu mmoja ulikuwa umevunjika. Fundi alitaka kuupaka rangi ile mpya ifanane na ya zamani ili jicho lisitambue. Nikamwomba autengeneze imara tu, na aliyeona aone. Jambo hilo nilijifunza kwa Morris. Mwaka 1877 alianzisha chama cha kulinda majengo ya kale, kwa kuwa makanisa mengi ya Uingereza yalikuwa yakikwanguliwa na kupewa uzee wa kughushi. Msimamo wa chama ulikuwa kwamba kitu cha zamani kitiwe nguvu kisianguke, wala kiraka kisijifanye nguo ya asili. Natamani na misikiti yetu ya kale ya pwani ingepata watetezi kama hao mapema zaidi.

KAMPUNI YA WATU SABA

Tarehe 26 Aprili 1859 Morris alimwoa Jane Burden, binti wa mtunza farasi wa Oxford. Webb akawajengea nyumba ya matofali mekundu huko Bexleyheath. Tena hakukuwa na vitu madukani vya kuitia, na marafiki wakakusanyika kuchora kuta, kutarizi mapazia na kutengeneza samani. Katika kazi ile ya furaha ndimo ilimozaliwa kampuni yao ya watu saba mwezi wa Aprili 1861, iliyotengeneza vioo vya makanisa, viti, karatasi za ukutani, vitambaa na mazulia.

Kuna aina ya kiti cha mikono chenye mito, ambacho mgongo wake hulazwa nyuma hatua kwa hatua kwa kijiti. Ulimwenguni kimeitwa kiti cha Morris, na mababu wa makochi mengi tunayoyaona leo ndiye huyo. Lakini Morris hakukibuni. Mwaka 1866 meneja wa kampuni, Warington Taylor, alikiona kiti cha namna hiyo katika karakana ya seremala mmoja mzee kijijini Sussex, akakichora na kumpelekea Webb, naye akakitengeneza upya. Kadhalika viti vyao vyepesi vya kikalio cha nyasi vilifuata mfano wa kiti cha kale cha mkoa huo huo. Basi kampuni iliyopamba majumba ya mabwana ilisomea kwa maseremala wa kijijini. Nilipomtazama fundi wetu wa Kisii akiinama juu ya mvule ule, nikaukumbuka ukweli huo. Watu wa Gusii wana vigoda vyao vya mviringo vilivyopambwa kwa shanga, na wachongaji wao wa mawe wa Tabaka wanajulikana mbali. Nchi hiyo haikosi mikono.

NILI MIKONONI

Mwaka 1875 kampuni ilivunjwa, Morris akabaki peke yake na jina la Morris na Wenziwe. Wakati huo alikuwa amekasirishwa na jambo jingine, nalo ni rangi. Tangu mwaka 1856 wakemia walikuwa wamevumbua rangi za viwandani zinazotokana na lami ya makaa ya mawe. Zilikuwa kali dukani, na baada ya misimu michache ya jua zilififia na kuwa kama maji ya tope. Morris alikwenda mji wa Leek, kwa mtia rangi Thomas Wardle, akafunua vitabu vya kale na kujifunza rangi za mizizi, magome na majani. Rangi ya nili ndiyo iliyomtesa zaidi. Alikuwa akirudi kwa watu mikono yake ikiwa ya buluu hadi kwenye viwiko, yeye tajiri na mshairi maarufu. Bibi zetu waliovaa kaniki wangemwelewa.

Mwaka 1881 alihamishia kazi Merton Abbey, kando ya mto Wandle, kwa ajili ya maji yake. Huko kitambaa kilizamishwa chote katika nili, kisha kikapigwa chapa ya dawa ya kuondoa rangi mahali panapotakiwa, na rangi nyingine zikafuata moja moja kwa vibao vya mbao vilivyochongwa. Mwaka 1883 akatoa hivyo kitambaa chake mashuhuri cha ndege wanaoiba matunda ya stroberi, ndege aliowaona katika bustani yake ya Kelmscott. Kilichukua siku nyingi kukamilika, na bei yake ilikuwa kali.

Nasi tulifika kwenye kitambaa. Mimi nilipenda mahameli nyekundu, na hapa ndipo binti yangu aliponishinda. Alinieleza kwamba Nyamira ni nchi ya unyevu, mahameli hunywa maji na kuota ukungu. Kwamba yeye ni mwuguzi na kitambaa chake lazima kifuliwe. Na kwamba ataswali sebuleni, kwa hiyo hataki ndege wala wanyama mbele yake. Sikuwa na jibu. Tukaenda soko la Daraja Mbili, na katika marundo ya mitumba akachagua mapazia mazito ya pamba, ya buluu, yenye maua madogo. Alilowesha leso nyeupe akaisugua juu yake kuona kama rangi inatoka, akanyoosha kitambaa juani kutafuta palipopungua uzi. Fundi alipima kwamba mito kumi, ya kukalia na ya kuegemea, ingehitaji karibu mita 10 za kitambaa cha upana wa inchi 54, pamoja na ziada ya kulinganisha maua kwenye mishono.

Juu ya suala hilo la maua pasipo ndege, Morris ana kisa kinachotuhusu. Aliyapenda mno mazulia ya Uajemi, akayafanya walimu wake. Mwaka 1893 jumba la makumbusho la South Kensington lilimwomba ushauri juu ya zulia kuu lililotoka Ardabil, katika zawia ya Sheikh Safi al-Din. Zulia hilo lina urefu wa karibu mita 10 na nusu, limefumwa tarehe yake mwaka 946 wa Hijria, na ndani yake hamna mtu wala mnyama, ila maua, mizabibu ya kujipinda na taa mbili. Morris alilitazama na kusisitiza linunuliwe. Likanunuliwa kwa pauni 2,000, na lingali London. Zulia hilo lilikuwa limechakaa, likatiwa viraka vilivyokatwa katika ndugu yake waliyefanana, na yule aliyebaki yuko Los Angeles. Basi hata kito kama hicho kiliponywa kwa kitu kilichotumika.

AIBU YA TAJIRI

Nisingependa mdhani mtu huyu alikuwa malaika. Karatasi zake za kwanza za ukutani zilitiwa rangi ya kijani yenye aseniki, ambayo ni sumu, na mgodi wa familia yake ulikuja kuwa miongoni mwa watoaji wakubwa kabisa wa sumu hiyo duniani. Morris mwenyewe alikuwa mkurugenzi wa mgodi huo hadi mwaka 1875, na mwaka 1885 alikuwa bado akizipuuza hofu za madaktari. Nyumbani kwake pia hamkukosa majonzi. Moyo wa mkewe ulielekea kwa rafiki yao, mchoraji Rossetti, naye Morris alivumilia kwa kimya. Mwaka 1876 binti yake mkubwa, Jenny, alishikwa na kifafa ambacho hakikumwacha tena, na baba alimhudumia kwa huruma kubwa hadi mwisho.

Lakini kilichomnyima usingizi zaidi ni hiki. Alitaka kila mtu, hata mchukuzi wa mizigo, akalie kiti kizuri kilichotengenezwa na mtu aliyeipenda kazi yake. Na kwa kuwa kazi ya mkono huchukua siku nyingi, na fundi lazima alipwe haki yake, vitu vyake vilinunuliwa na matajiri peke yao. Aliwapamba wale wale aliowalaumu. Mwaka 1883 akajiunga na wajamaa, mwaka uliofuata akaanzisha chama chake, akasimama kwenye pembe za mitaa akihutubia wafanyakazi mvuani, akaligharimia gazeti la chama. Watu wa tabaka lake walimwona amerukwa na akili. Mwaka 1892 alidokezewa heshima ya kuwa malenga wa serikali, akakataa. Hata hivyo fumbo lake hakulifumbua: kitu kizuri na bei ya maskini hakuvikutanisha.

Miaka yake ya mwisho aliipa vitabu. Mwaka 1891 alianzisha kiwanda cha chapa cha Kelmscott, akachora herufi mwenyewe, akatumia karatasi ya mkono na wino mzuri. Nikisoma habari hiyo humkumbuka mwalimu wetu wa chuoni, aliyetukataza kuandika aya kwa wino mwepesi juu ya ubao usiosuguliwa, kwani neno tukufu halistahili mkono mvivu. Kitabu chake kikubwa, kazi za mshairi Chaucer, kilikamilika katikati ya mwaka 1896. Tarehe 3 Oktoba mwaka huo Morris akafariki akiwa na miaka 62. Alipelekwa kaburini kijijini Kelmscott kwa gari la shamba lililopambwa majani, siku ya dhoruba na mvua.

VITI VYA BULUU

Viti vya binti yangu vilikamilika baada ya majuma mawili. Gharama yote, viti, mguu, sponji mpya, kitambaa na ujira wa fundi, haikufika nusu ya yale makochi ya mkopo. Tulivipakia kwenye gari la mizigo tukapanda navyo Nyamira, na mvua ikatukuta njiani, tukavifunika kwa turubai na kanga zetu.

Siku ile nilidhani nimepata kitu ambacho Morris alikitafuta asikione. Kiti kizuri huwa ghali siku kinapozaliwa. Lakini kikiwa kimetengenezwa kwa haki, huishi kuliko bwana wake wa kwanza, bei yake hushuka na mbao yake haishuki, na siku moja hufika mikononi mwa mwuguzi kijana anayeanza maisha. Kile kilichomshinda tajiri wa London, kumfikishia mtu wa kawaida kiti cha haki, muda na fundi wa kando ya barabara hukifanya kidogo kidogo. Sharti lake ni moja tu: mtu wa kwanza asiwe amedanganywa, maana kochi la maboksi halirithiwi na mtu.

Jioni ile binti yangu aliniketisha katika kiti cha mikono karibu na dirisha, akaniletea chai. Mguu ule uliotengenezwa ulionekana wazi, mwekundu kidogo kuliko wenzake. Asubuhi, baada ya sala ya alfajiri, nikamkuta ameketi katika kiti hicho hicho na msahafu wake. Nikamwomba Mungu amrehemu baba yangu, nikamnong'oneza binti yangu asije akampa mwenye mkokoteni.